Kung'oa gego la mwisho: juma la kulinda donge la damu

Kazi ya daktari kwenye gego la mwisho mara nyingi huisha kabla ya saa moja kupita. Kazi ya mgonjwa huanzia hapo na kuendelea juma zima, na wengi wetu huianza bila kuielewa. Tunatoka kliniki mdomo umekufa ganzi, shashi imebanwa kati ya meno, karatasi ya dawa iko mkononi, na maagizo tuliyopewa hatuyakumbuki kwa sababu akili bado imebaki kwenye kile kiti. Mimi nilitoka hivyo hivyo, na kesho yake nikaharibu kila kitu kwa mikono yangu. Miaka miwili baadaye mdogo wangu aling'olewa lake. Nikamchukua nyumbani kwangu Nyalenda, mtaa wa Kisumu, nikamuuguza siku tano, naye akapona vizuri.

Hatukutofautiana kwa daktari wala kwa dawa. Tofauti ilikuwa donge la damu linaloganda ndani ya tundu baada ya jino kutoka. Donge hilo ndilo bandeji ya mfupa, na nyama mpya huota juu yake. Mimi nililing'oa, yeye akalilinda. Karibu kila agizo utakalosoma hapa chini lina shabaha hiyo moja, kwa hiyo hata ukisahau mengine, hilo usilisahau.

1. Hakikisha kwanza kwamba linahitaji kutoka

Gego la mwisho, ambalo wengine huliita jino la hekima, huchomoza baina ya miaka 17 na 25 hivi, wakati meno mengine yameshajaza taya. Wengi wanayo manne, wengine mawili, na wapo wasioota hata moja. Likisimama wima, likafikiwa na mswaki na lisikuume, liache. Nchini Uingereza, mwongozo wa afya uliotolewa mwaka 2000 ulisema wazi kwamba magego ya mwisho yasiyo na ugonjwa yasing'olewe kwa tahadhari tu, nami naona hiyo ni busara hata huku kwetu, ambako kila shilingi ya hospitali imetolewa mahali pengine.

Lenye shida ni lile lililokwama. Huenda limelala likisukuma gego la mbele yake, au limechomoza nusu na nusu ikabaki chini ya ufizi. Ufizi unaolifunika huwa kama mfuko: chembe za chakula huingia, mswaki haufiki, vijidudu huzaana. Kila baada ya miezi kadhaa sehemu hiyo huvimba, mdomo hukataa kufunguka, na kumeza mate tu huwa kazi. Ikiwa hayo yamekupata zaidi ya mara moja, au gego limeoza kiasi cha kutozibika, au linaozesha jirani yake, au picha imeonyesha uvimbe wa maji kulizunguka, basi sababu ya kuling'oa unayo.

Ukiwa umevimba sasa hivi, nenda kliniki leo, lakini usishangae ukirudishwa nyumbani na jino lako. Ganzi haishiki vizuri penye usaha. Mara nyingi daktari huosha pale, huandika dawa, kisha hukupa miadi baada ya uvimbe kushuka.

Na neno kwa wasomaji wa Nakuru na Bonde la Ufa kwa jumla: meno ya rangi ya kahawia yanayotokana na floridi nyingi katika maji ya huko si lazima yawe yameoza. Mtu asikushawishi ung'oe jino kwa sababu ya rangi yake.

2. Nani ataling'oa, na picha gani ipigwe

Jino lililochomoza lote na kusimama wima linaweza kung'olewa kwa njia ya kawaida, na maafisa wa afya ya kinywa katika hospitali za kaunti hufanya kazi hiyo kila siku. Lililokwama linahitaji upasuaji, na upasuaji ni wa daktari wa meno au mpasuaji wa kinywa na taya. Hospitali kubwa za rufaa zina vitengo vya meno: Jaramogi Oginga Odinga hapa Kisumu, ambayo wenyeji bado tunaiita Russia, ile ya kaunti kule Nakuru, na Moi kule Eldoret. Kliniki za binafsi pia ziko. Popote uendapo, jina la daktari unaweza kulitafuta katika orodha ya mtandaoni ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari wa tiba na wa meno nchini Kenya. Ni kazi ya dakika mbili, na hakuna daktari wa kweli atakayekasirika kwamba umeifanya.

Kabla ya upasuaji idai picha ya eksirei, hasa ile kubwa inayoonyesha taya zima. Ndani ya taya la chini hupita neva inayoupa mdomo wa chini na kidevu hisia, na mizizi ya gego la mwisho wakati mwingine huigusa. Ikiguswa sana, mdomo unaweza kubaki na ganzi kwa majuma au miezi, na kwa wachache daima. Kwa taya la juu, mizizi hukaribiana na uwazi wa mfupa ulio kando ya pua. Muulize daktari mizizi yako iko umbali gani na neva. Akikuonyesha kwa kidole kwenye picha, utaelewa mwenyewe.

Uliza pia gharama yote kwa pamoja: picha, upasuaji, dawa, na kurudi kukaguliwa. Tangu Oktoba 2024 bima ya afya ya serikali, SHA, imechukua nafasi ya ile ya zamani, NHIF, kwa hiyo usitegemee yale uliyozoea kulipiwa zamani. Uliza mapokezi kabla ya siku yenyewe kama bima yako inahusika na kama kuna idhini ya kutafutwa mapema.

3. Mambo ya kumwambia daktari hata asipouliza

Mwambie kama una presha, kisukari, pumu, vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo. Mwambie kama una selimundu (sickle cell), ugonjwa wa damu wa kurithi ambao katika nyanda hizi za ziwa unagusa familia nyingi: ukosefu wa maji mwilini na maambukizi vinaweza kuamsha maumivu makali ya mwili mzima, kwa hiyo upasuaji hupangwa kwa uangalifu zaidi. Mtaje kila kidonge unachomeza, zikiwemo ARV, dawa za kufanya damu iwe nyepesi, sindano au vidonge vya kuimarisha mifupa, na hata miti shamba. Lakini usiache dawa yoyote kwa uamuzi wako. Yeye ndiye atakayesema. Kama penisilini iliwahi kukutoa vipele au kukubana kifua, hilo litaje kabla ya mengine yote.

Mjamzito aseme. Kazi isiyo ya haraka mara nyingi husubiri hadi baada ya kujifungua, na ikilazimu, miezi ya katikati ya ujauzito ndiyo hupendelewa. Anayetumia vidonge vya kupanga uzazi aseme pia, kwa kuwa vinaongeza kidogo uwezekano wa tundu kukauka, jambo nitakaloeleza mbele. Mvutaji sigara naye aseme ukweli.

4. Siku moja kabla

Nenda sokoni ukiwa bado unaweza kuongea. Mimi nilirudi kutoka kliniki nikakuta jikoni kuna mahindi mabichi na omena, basi. Ilipofika zamu ya mdogo wangu, nilipitia soko la Kibuye nikanunua maparachichi yaliyokaribia kuiva, ndizi mbivu, viazi, unga wa wimbi, mayai na mrenda. Nikaongeza pakiti kadhaa za maziwa mala, chumvi, na majani ya chai ya vifuko. Nikajaza maji kwenye mifuko midogo nikaomba nafasi katika friji ya jirani, kwa sababu joto la Kisumu huyeyusha barafu upesi na unahitaji ya kubadilisha. Nunua dawa za maumivu siku hiyo hiyo. Hutataka kupanga foleni duka la dawa ganzi ikiisha.

Tafuta mtu wa kukusindikiza. Ukipewa dawa ya usingizi au nusukaputi, huruhusiwi kuondoka peke yako wala kuendesha chochote siku hiyo.

Kuhusu kula, sikiliza vizuri, maana watu wengi huchanganya. Kama ni sindano ya ganzi tu, kula kabla ya kwenda: uji mzito na yai la kuchemsha vitakufikisha mbali, na hutazimia kwenye kiti kwa njaa. Kama ni nusukaputi, chakula hukatazwa saa 6 kabla na maji saa 2 kabla, au kama hospitali yako itakavyoagiza. Piga mswaki vizuri asubuhi, ulimi nao usisahau.

5. Kwenye kiti

Sindano yenyewe huchoma, kisha upande huo wa mdomo unakuwa mzito kama si wako. Daktari atakugusa kwa kifaa chenye ncha kukujaribu. Ukisikia ncha, sema, ataongeza ganzi. Kuvumilia kimya hakumsaidii yeyote. Baada ya hapo hutasikia kukatwa, ila utasikia kusukumwa, kuvutwa, mlio wa mashine na mlio kama wa ukuni unaovunjika. Mlio huo huogofya kwa sababu uko karibu na sikio. Ni jino linalogawanywa vipande ili litoke kwenye tundu dogo, wala si taya linalovunjika. Kubaliana naye ishara ya mkono ya kumsimamisha. Mwishoni atashona, na utaumishwa shashi.

Kabla ya kushuka kwenye kiti, uliza mambo mawili: nyuzi zitayeyuka zenyewe au nirudi kutolewa, na nikipatwa na shida usiku nimpigie nani.

6. Saa 24 za kwanza

Uma shashi kwa nguvu ya wastani dakika 30 hadi 45, bila kuongea, bila kuifungua ukichungulia. Kila ukichungulia unavuruga damu iliyokuwa inaanza kuganda. Ukiitoa utaona mate mekundu. Tone moja la damu hupaka rangi mate mengi, kwa hiyo wekundu mwepesi hadi kesho yake si jambo la kukutia hofu. Damu yenyewe ikijaa mdomoni, kunja shashi safi, ilowanishe kidogo, iweke juu kabisa ya tundu na uume dakika 30 kwa saa ya ukutani. Huna shashi? Chovya kifuko cha majani ya chai ndani ya maji ya moto, kiache kipoe kabisa, kikamue kidogo kisha ukiume vivyo hivyo. Ule ukakasi wa chai huisaidia damu kushika. Nilipomwekea mdogo wangu cha pili, damu ikasimama.

Sasa makatazo, na yote yana sababu moja. Usiteme mate. Usisukutue. Usinywe kwa mrija. Usivute sigara. Kutema, kusukutua na kuvuta hutengeneza nguvu mdomoni ambayo hulinyanyua donge la damu kama kizibo. Mate yakikujaa, yameze, au inama uyaache yadondoke yenyewe kwenye kitambaa. Pombe pia iache, iwe bia au busaa, na miraa isubiri juma zima, kwani kutafuna kwenyewe ni uadui kwa kidonda.

Dani yangu, yaani bibi yangu, ni wa kizazi kilichotolewa meno sita ya mbele ya chini, desturi ya Wajaluo wa enzi zake. Nilipompigia simu nikimlilia maumivu, swali lake la kwanza lilikuwa: "Nyakwara (mjukuu wangu), ulikuwa unatematema mate?" Nikamjibu, "Ndiyo, Dani, damu ilikuwa inanichefua." Akanyamaza kidogo, akasema, "Sisi tulikatazwa." Yeye hakuwa na eksirei wala shashi, lakini hilo alilijua.

Barafu iweke shavuni kwa nje, imefungwa kwa leso au taulo, dakika 15 hadi 20, kisha pumzika muda kama huo, urudie. Inafaa siku ya kwanza. Baada ya siku mbili haina kazi kubwa, na hapo kitambaa cha maji ya vuguvugu ndicho kitakachokulegeza taya. Lala kichwa kikiwa juu, mito miwili au mkeka uliokunjwa chini ya godoro. Ganzi hudumu saa kadhaa. Usile hadi iishe, la sivyo utajiuma shavu au ulimi usijue, na watoto hasa waangaliwe.

Dawa ya maumivu imeze kabla ganzi haijaisha kabisa. Wengi husubiri maumivu yafike kileleni ndipo watafute kidonge, na kuyashusha kutoka huko ni kazi ngumu. Fuata alichoandika daktari. Kwa mtu mzima asiye na kizuizi, kawaida ni ibuprofeni miligramu 400 kila baada ya saa 6 hadi 8 pamoja na chakula, na parasetamoli vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi vidonge 8 kwa siku. Hizi mbili zikitumiwa pamoja hushinda kila moja ikiwa peke yake. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, mimba, au pumu inayoamshwa na dawa hizo asiguse ibuprofeni bila ushauri. Aspirini iepuke kama si daktari aliyekuandikia, maana huzuia damu kuganda. Angalia pia vile vidonge vya kichwa vinavyouzwa kimoja kimoja dukani, kwa kuwa baadhi vina aspirini ndani. Na usisage kidonge ukakipaka kwenye ufizi, kinachoma nyama.

Antibiotiki si za kila mtu. Ukiandikiwa, zimalize zote. Ikiwa mojawapo ni metronidazoli, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Flagyl, pombe usiiguse hadi siku mbili baada ya kumaliza dozi.

7. Siku ya pili hadi ya nne

Utaamka umevimba kuliko ulivyolala. Uvimbe hupanda hadi siku ya pili au ya tatu, halafu huanza kushuka. Shavu linaweza kuwa na weusi wa damu iliyovilia, na mdomo ukafunguka upana wa kidole kimoja tu. Hayo yote yamo katika safari ya kawaida, mradi kuanzia siku ya nne kila kitu kinaelekea chini.

Saa 24 zikipita, anza maji ya chumvi. Nusu kijiko cha chai ndani ya glasi ya maji yaliyochemshwa yakapoa hadi vuguvugu, baada ya kila mlo na kabla ya kulala. Usisukutue kwa nguvu. Chukua fundo, inamisha kichwa upande huu na upande ule maji yapite yenyewe juu ya kidonda, kisha fungua mdomo yaanguke kwenye karai. Meno mengine yapige mswaki laini tangu siku ya kwanza jioni, ukikaa mbali na kidonda. Mdomo mchafu hupona polepole.

Kazi nzito iache. Kubeba mtungi wa lita 20, kuvuta nyavu, kulima, mpira, vyote hupandisha msukumo wa damu na tundu linaanza kuvuja tena. Mdogo wangu ni mwanabodaboda, na wenzake wa steji walianza kumpigia simu siku ya pili, kwamba mteja wake anamtafuta, kwamba pikipiki imekaa bure. Tulikubaliana angalau siku nne. Ukiajiriwa, omba barua ya mapumziko siku ile ile ya upasuaji, usisubiri bosi aulize.

8. Chakula

Nimekutana na watu waliokaa na njaa siku tatu wakiogopa kula. Mwili usiopewa chakula unaponaje? Siku ya kwanza kula vilivyopoa au baridi: mala, parachichi lililopondwa, ndizi mbivu, uji wa wimbi uliopozwa, kwa kijiko au kwa kikombe. Uji wa moto huyeyusha donge la damu na kuanzisha kuvuja upya. Supu ya samaki chuja, ipoe.

Siku ya tatu na kuendelea, viazi vya kupondwa na siagi, mayai ya kuvuruga, na ugali. Ndiyo, ugali, lakini usongwe laini, uliwe na mrenda. Sijaona mboga inayomfaa mgonjwa huyu kuliko mrenda: huteleza wenyewe, hauhitaji kutafunwa, na ukiutia maziwa au siagi unashibisha. Waluhya na Wajaluo wanaoishi na mboga hii tangu utoto hawahitaji kuelekezwa. Mbuta wa kuchemsha unafaa pia, mnofu mweupe uliokaguliwa miiba kwa vidole. Tafuna upande wa pili.

Omena waache, vijifupa vyao huchoma. Wali, njugu, nyoyo (mahindi na maharage ya kuchemsha), bisi, chapati iliyokauka na simsim vyote huacha chembe ndani ya tundu. Pilipili nayo isubiri. Kunywa maji mengi, hasa ukiwa nyanda za joto.

9. Tundu likikauka

Hapa ndipo nilipoangukia. Jioni ya upasuaji nilisukutua kwa maji ya chumvi nikidhani naua vijidudu, nikawa natema kila dakika. Mchana wa pili nilisimama Kondele juani, nikanunua maji ya miwa, nikayavuta kwa mrija hadi tone la mwisho. Sikusikia kitu. Usiku wa tatu, wakati maumivu yalitakiwa kupungua, yakarudi kwa sura nyingine: mdundo mzito uliopanda kutoka tayani hadi sikioni na kwenye kipaji, na ladha mbovu mdomoni, na harufu iliyonifanya nizibe mdomo nikiongea na watu. Nilimulika kwa tochi ya simu mbele ya kioo. Badala ya donge jeusi jekundu niliona tundu tupu na kitu cha kijivu chini yake. Kile kilikuwa mfupa.

Hali hii hutokea zaidi kwa magego ya taya la chini, na huanza mara nyingi kati ya siku ya pili na ya tano. Ishara kubwa ni maumivu yaliyoanza kushuka kisha yakapanda tena, yasiyosikia vidonge. Wavutaji sigara wamo hatarini zaidi. Mara nyingi haileti homa wala usaha, na ndiyo maana watu hujiambia itapita. Mimi nilijiambia hivyo siku mbili. Jirani akanishauri nitie tumbaku, mwingine kitunguu saumu kilichopondwa. Usitie chochote. Nilimeza vidonge zaidi ya kipimo, jambo la hatari kwa ini na figo, na usingizi haukuja.

Siku ya tano nilirudi kwa daktari. Aliosha tundu kwa maji vuguvugu ya dawa akaweka kitambaa chembamba kilicholoweshwa dawa yenye mafuta ya karafuu. Kabla sijafika kituo cha matatu maumivu yalikuwa yameshuka. Nilirudi mara mbili kubadilishiwa, na baada ya siku kumi hivi nyama ilikuwa imefunika mfupa. Haya ndiyo ninayotaka uyajue kuliko yote: dawa yake ipo, ni rahisi, na inafanya kazi siku ile ile. Ukihisi maumivu ya namna hii, panda gari asubuhi hiyo hiyo. Usiku niliopoteza ulikuwa wa bure.

10. Dalili zisizongoja asubuhi

Nenda hospitali kubwa mara moja, hata ikiwa saa nane usiku, ukiona uvimbe unashuka shingoni au chini ya ulimi, ulimi unasukumwa juu, unashindwa kumeza mate yako, sauti imebadilika, au unapumua kwa shida. Maambukizi ya eneo hilo yanaweza kuziba njia ya hewa kwa saa chache, na watu wamekufa kwa jino. Nenda pia ikiwa damu haisimami baada ya kuuma shashi mara mbili za nusu saa.

Homa ya nyuzi 38 au zaidi, usaha, uvimbe unaoongezeka baada ya siku ya nne, au vipele na kuwashwa baada ya dawa, mpigie daktari siku hiyo. Ganzi ya mdomo, kidevu au ulimi inayoendelea hadi kesho yake, mwarifu pia, aiandike kwenye faili na afuatilie. Mara nyingi hisia hurudi zenyewe polepole, zikianza na kuwashwa kama kutembelewa na sisimizi.

11. Baada ya juma

Nyuzi za kuyeyuka huanza kulegea na kuanguka ndani ya siku 7 hadi 10 hivi. Ukiona uzi kwenye mswaki usishtuke. Zisizoyeyuka hutolewa karibu siku ya saba. Taya likiwa bado gumu, fanya mazoezi mara kadhaa kwa siku: fungua mdomo hadi pale panapokaza, hesabu hadi kumi, pumzika. Ongeza kidogo kila siku. Likiwa bado limefunga baada ya majuma mawili, rudi.

Tundu lenyewe hubaki kama kijishimo kwa majuma matatu au manne, na chakula huingia humo. Daktari anaweza kukupa bomba la sindano lisilo na sindano, ulijaze maji ya chumvi na kuoshea taratibu, lakini subiri ruhusa yake, kwa kawaida baada ya juma la kwanza. Usichokonoe kwa kijiti. Chini yake mfupa unaendelea kujijenga kwa miezi kadhaa bila wewe kuhisi.

Mdogo wangu alirudi steji siku ya sita, shavu limeshuka, kofia ngumu ikimtosha tena. Chupa ya maji ya chumvi ilikaa ndani ya begi lake juma la pili lote, na mahindi ya kuchoma aliyagusa mwezi ulipokwisha.